Mguu ulionyooshwa uvalishwe kiatu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Khayega. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Hayo tutayaongea kwa simu. Leo nakujibu swali lako, na swali lenyewe si la simu.

Uliniandikia Jumapili kwamba kila usiku ukitoka kazini huko Kisumu unamsomea mjukuu wangu The Secret Garden, kile kitabu cha Frances Hodgson Burnett kilichochapwa mwaka 1911, na kwamba msichana wa humo, Mary Lennox, amekushinda. Maneno yako ninayo hapa: "Mama, ana miaka kumi na hawezi kujivika nguo. Mtoto ananiuliza kama ni mgonjwa. Mimi umri huo nilikuwa nabeba maji kutoka mtoni mara mbili kwa siku. Nimwonee huruma kwa nini?"

Hilo la maji nimelisoma, na nimelisikia. Nitalifikia.

Kitabu hicho nakijua. Hukuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema. Ile miaka niliyokuwa yaya Nakuru, kuanzia 1988 hadi 1991, katika ile nyumba ya Milimani, kulikuwa na nakala yake juu ya kabati la mtoto. Kiingereza changu cha kidato cha pili kilitosha kusoma kwa sauti, ingawa lahaja ya Martha, mtumishi wa humo, na watu wengine wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ilinitoa jasho. Nilikisoma chote mara mbili, mtoto wa pale akiwa kitandani, mimi nimeketi sakafuni. Kwa hiyo Mary nilimjua kutoka upande wa pili, upande wa yule anayemvalisha.

Kumbuka ile asubuhi yake ya kwanza katika jumba la Misselthwaite. Ametoka India, wazazi wote wawili wamekufa kwa kipindupindu, ameletwa Uingereza kwa mume wa marehemu shangazi yake, mtu asiyemjua kabisa. Martha, msichana wa kazi, anawasha moto chumbani. Mary anamuuliza ni nani atakayemvalisha. Martha anaduwaa: mtoto mkubwa hivi hawezi kuvaa mwenyewe? Baadaye akimfunga vifungo anamwona amesimama tu, kama mtu asiye na mikono wala miguu. Wakifika kwenye viatu, Mary ananyoosha mguu, kimya. Kwa nini huvai mwenyewe? Mary anashangaa kuulizwa. Aya wake, yaya wa Kihindi, ndiye aliyekuwa akimvisha. Ndiyo desturi.

Nadhani hapo ndipo mlipomcheka, wewe na mtoto. Mimi nilipofika kwenye mstari ule nilinyamaza mpaka mtoto wa pale akaniuliza kama nimelala.

Alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi aliketi kwenye ngazi ya mwisho, mkate mkononi, akanyoosha mguu wa kulia bila kuangalia chini. Nilipiga magoti kwenye sakafu nyekundu niliyokuwa nimeipaka nta mwenyewe, nikavuta soksi ikanyooka, nikaingiza kiatu, nikafunga kamba. Kisha wa kushoto. Hakuwa na kiburi, mwanangu. Alijua tu kwamba akinyoosha mguu, mtu atakuwepo, kama wewe unavyojua kwamba ukikanyaga ardhi itakubeba.

Siku moja malaria ikanilaza. Nilikuwa kwenye chumba changu cha nyuma, chini ya blanketi mbili, nikasikia nyayo. Alikuwa mlangoni, viatu mkononi, sweta ya shule ameivaa nyuma mbele. Hakusema neno. Akaketi kwenye saruji, akanyoosha mguu. Nilijaribu kuinuka, nikashindwa. Tukabaki tukitazamana, na machozi yakaanza kumtoka. Sikuona hasira. Alikuwa anaona haya. Miaka saba tu, na alikwisha kugundua kwamba kuna jambo ambalo watoto wote wa darasa lake wanalijua na yeye hakuambiwa.

Nilipopona nilifunga kamba ya katani kwenye mguu wa kiti cha jikoni, tukafanya mazoezi madamu akiwa kazini. Sikio la kwanza, sikio la pili, pitisha, vuta. Ilituchukua siku tisa. Siku ya kumi alijifunga mwenyewe mbele ya mama yake, uso unang'aa. Jioni nikaitwa sebuleni, nikaulizwa kama nalipwa ili mtoto afanye kazi yangu.

Kwa hiyo nakuomba usimwambie mjukuu wangu kwamba Mary alidekezwa. Mtoto hudeka kwa mtu anayempenda. Burnett amelieleza jambo hili mapema kabisa, na watu wanalipita haraka. Mamake Mary alikuwa mrembo wa karamu ambaye hakutaka mtoto wa kike. Alipozaliwa akakabidhiwa aya, na aya akaelewa kwamba akitaka kumridhisha memsaab, basi mtoto asionekane na asisikike. Watumishi wakampa kila alichotaka, kwa sababu akilia memsaab atakasirika. Nami nakuambia kutoka jikoni kwenyewe, ndivyo inavyokwenda. Mtoto akililia biskuti saa tano asubuhi, unampa. Hata kama unampenda, wakati ule humpi kwa upendo. Unampa kwa sababu mwenye nyumba kichwa kinamuuma na mwisho wa mwezi haujafika. Ili umwambie mtoto hapana, lazima uwe na haki juu yake. Mimi sikuwa nayo. Aya wa Mary hakuwa nayo. Mtoto wa namna hiyo anakua amezungukwa na watu wa kumtii, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusiwa kumlea. Na walioruhusiwa hawakutaka. Mwalimu wa kike aliyeletwa kumfundisha kusoma alivumilia miezi mitatu akaondoka.

Ndiyo maana kipindupindu kilipoingia hakuna aliyemkumbuka. Watumishi wengine walikufa, wengine wakakimbia, na maafisa wawili wakamkuta peke yake katika nyumba tupu, anapiga mguu chini akiuliza kwa nini amesahauliwa, kwa nini hakuna anayekuja. Fikiria nyumba ile ilivyojaa watu, na mtoto akasahaulika ndani yake! Kama unatafuta mahali pa kuweka huruma yako, iweke hapo.

Lile la uji ni dogo. Mary anakataa bakuli lake na Martha haamini, maana kwao ni watoto kumi na wawili na baba analeta shilingi 16 kwa wiki. Mary anamjibu kwamba hajui njaa ikoje. Wewe umeliona jibu la dharau. Mimi naamini alikuwa anasema kweli tupu. Mtoto hajawahi kukimbia mpaka jasho limtoke, atalijulia wapi tumbo? Acha upepo wa ile nyika umpige siku chache, utaona anavyolimaliza bakuli.

Ila ukurasa ninaoupenda kuliko zote ni wa kamba ya kuruka. Mama yake Martha, katika umaskini ule, anachukua peni mbili kwenye mshahara wa bintiye na kumnunulia mtoto wa nyumba kubwa kamba. Mary anaishika na kuuliza ni ya nini. Martha anaruka katikati ya chumba mpaka 100. Mary anavaa koti, anafika mlangoni, anageuka, kwa sababu kuna kitu kimemjia polepole: zile peni mbili zilikuwa jasho la Martha. Anasema asante, kwa shida, maana hajazoea kumshukuru mtu. Halafu anamnyooshea Martha mkono kwa kuwa hajui afanye nini kingine. Martha naye anaushika kwa kubabaika, hajazoea mambo hayo. Ukifika hapo usisome haraka. Ni mtoto yule yule aliyekuwa ananyoosha mguu.

Sasa lile la maji.

Ulikuwa hapa kwa nyanya yako, nami nilikuwa Nakuru nikifunga viatu vya mtoto mwingine ili karo yako ipatikane. Nyanya yako aliniambia ulikuwa unaruka kamba ya majani ya mgomba pale uani mpaka giza liingie, na kwamba maji ulibeba bila kulalamika. Mpaka leo sijui ni nani aliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Nilirudi Desemba moja nikakuta unajua. Nilikutazama ukifunga, ukaniona nakutazama, ukageuka ukanipa mgongo. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu sasa. Wewe ulipewa kazi kubwa kuliko mikono yako, Mary hakupewa hata kifungo cha shati. Lakini kila nikiwaza juu yenu wawili naona kwamba mlipoamka asubuhi, mama hakuwepo. Ukimkasirikia Mary, mkasirikie. Mimi nadhani unamwelewa kuliko unavyojijua.

Kuna jambo moja ambalo mimi sikusamehe kitabu hiki, na ukilifikia usiliruke kwa kumwonea mtoto huruma. Aya wa Mary anaitwa Saidie, na jina lake tunalipata wakati Mary anapanga matusi ya kumtukana, kumwita nguruwe. Saidie anashikwa na kipindupindu usiku, na kesho yake anakufa. Mary halii. Anawaza kwamba ataletewa aya mpya, huenda mwenye hadithi mpya, kwani za yule wa zamani zilikwisha kumchosha. Na kule Yorkshire, akimfokea Martha, anasema watu wa India si watu, ni watumishi tu wa kukuinamia. Kitabu kinahangaika sana kumfundisha mtoto huyu kula, kucheza na kushukuru. Kwa Saidie hakirudi. Mwambie mjukuu wangu kwamba maneno yale ni ya uongo na yanaumiza, na kwamba bibi yake alikuwa kwenye kazi ile ile. Mimi Nakuru nilipofika hapo nilisoma kwa sauti kila neno, kisha nikamuuliza mtoto wa pale: je, mimi ni mtu? Akacheka, akidhani namtania. Akaona sicheki. Akasema, "Wewe ni anti." Ndilo jibu alilokuwa nalo.

Lakini sogea mbele kidogo, ule usiku Mary anapomgundua Colin, binamu yake aliyefungiwa chumbani kama mgonjwa. Mvulana hapati usingizi. Mary anamwambia atamfanyia alivyokuwa akifanyiwa na aya wake. Anaketi karibu, anampapasa mkono, anamwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa Kihindustani, mpaka macho ya Colin yanafumba. Hakuna aliyemfundisha hilo pale Misselthwaite. Kitabu kinasisitiza kwamba mtoto huyu hakupendwa na mtu. Basi mkono ule uliompapasa usiku India ulikuwa wa nani? Saidie alimfungia vifungo, akatukanwa mchana kutwa, na usiku akamshika mkono akamwimbia mpaka alale. Na Mary, siku alipokutana na mtoto mwenye shida kuliko yake, kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa kilitoka kwa Saidie. Nina hakika juu ya jambo hili kuliko wasomi wote, kwa sababu na mimi niliimba. Nilimwimbia mtoto wa watu kwa Kiisukha, lugha yetu, wimbo aliokuwa akiniimbia nyanya yako nikiwa mdogo. Hakuelewa hata neno moja. Wimbo ule ulikuwa wako, na nilipokuwa nauimba kule nilikuwa nauelekeza huku.

Mjukuu wangu akiuliza tena kama Mary ni mgonjwa, mwambie hapana, hajafundishwa. Atakuelewa. Yeye mwenyewe Desemba iliyopita alisimama hapa jikoni akanyoosha kikombe hewani bila kuangalia, akingoja mtu akipokee, nami nikaacha mkono wake hewani mpaka akauona. Sikukuambia. Si kosa lake, na wala si la yule msichana anayekusaidia.

Nimesuka kamba mbili za katani. Ndefu ni ya mjukuu wangu, ataikulia. Nyingine ni ya msichana huyo. Ana miaka kumi na tisa tu, miguu bado inamwasha. Usiku mkisoma, mwite aketi nanyi. Na siku moja, mtoto akisikia, mwambie kwamba ana ruhusa yako ya kumwambia hapana. Liseme kwa sauti, na siku akilitumia usije ukamgeuka.

Mzigo nimempa dereva wa matatu ya asubuhi, utaupata stejini kesho kabla ya saa sita. Ndizi za juu zimeiva, anzeni na hizo.

Mama yako