Nzi wa kaharabu: maswali yenu kutoka Nyanda za Juu Kusini

Nilipoandika hapa kuhusu nzi waliokwisha duniani lakini miili yao ikabaki ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka kama jiwe, simu haikupumzika. Maswali yametoka Mafinga, Iringa, Kyela na hapa hapa Mbeya. Nayajibu haya matano.

Mimi nagema utomvu wa misindano, Mafinga. Huu tunaoukinga, tukiuacha utageuka kaharabu?

Ukiwa juani hautageuka, ndugu yangu. Utakauka, utapasuka na kumong'onyoka. Ili uwe kaharabu lazima ufukiwe mapema kwenye tope au mchanga, mahali ambapo hewa haifiki. Mafuta yake mepesi hutoka polepole na chembe zake hushikana mpaka unakuwa mgumu. Kazi hiyo ni ya mamilioni ya miaka. Kaharabu ya Baltiki imepita miaka milioni 34, na ile ya Myanmar ina kama milioni 99. Katikati ya safari hiyo ipo sandarusi, ambayo watu wa Pwani waliichimba na kuiuza Unguja katika karne ya 19 ili itengenezewe vanishi. Nayo hunasa wadudu, lakini bado ni changa.

Hata hivyo, mwanzo wa kaharabu unao mkononi. Siku moja nilibandua tone la utomvu kwenye msindano uliojeruhiwa na panga, upande wa Sao Hill. Ndani alikuwamo usubi mweusi, bawa moja limenyooka, jingine limekunjamana, miguu ya mbele imejivuta kama bado anajinasua. Karibu na mdomo palikuwa na kiputo cha hewa. Nimelihifadhi tone hilo mpaka leo.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Iringa. Wataalamu wanajuaje kwamba ni spishi mpya wakati wana nzi mmoja tu?

Marahaba mwanangu. Umegusa kiini cha kazi yenyewe.

Kwanza wanahakikisha kuwa ni nzi kweli. Nyuki ana mabawa manne, nzi na mbu wana mawili. Mahali pa yale mawili ya nyuma pana vijiti viwili vyenye kichwa kama cha njiti ya kiberiti, vinavyompa mizani akiruka. Usiku taa ikiwaka, mtafute yule mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu kama uzi, anayefanana na mbu mkubwa asiyeuma. Vijiti vyake utaviona kwa macho tu.

Kisha jiwe hukatwa na kusuguliwa taratibu mpaka lipate uso bapa, mwembamba, sambamba na bawa. Hapo mkono ukiteleza kidogo, umemsaga nzi wa miaka milioni 40 na hutampata mwingine. Juu yake huwekwa tone la mafuta ili mikwaruzo isionekane, ndipo hadubini inapoanza kazi. Mtaalamu huchora mishipa ya bawa: upi umegawanyika, wapi umeungana na mwenzake, upi umekatika kabla ya kufika ukingoni. Mishipa hiyo ni kama mito kwenye ramani, kila ukoo una mikondo yake. Huhesabu pingili za vipapasio na nywele za kifuani, mojamoja. Akiwa dume, huangaliwa sana viungo vya uzazi, maana spishi mbili zinazofanana kila mahali mara nyingi hutofautiana hapo. Jani au kiputo kikiziba, hutumika eksirei yenye nguvu kubwa, kama ile ya Grenoble, Ufaransa, kumtazama kwa ndani bila kupasua jiwe.

Baada ya hapo analinganishwa na jamaa zake walio hai na waliokwisha. Nzi ambao tayari wamepewa majina ni zaidi ya spishi 150,000, kwa hiyo kulinganisha ndiko kunakokula miezi. Asipofanana na yeyote, hupewa jina la maneno mawili kwa utaratibu wa Mswidi Linnaeus, ambao kwa wanyama unahesabiwa tangu 1758. Yule nzi mmoja huwa holotaipu, yaani ndiye anayelibeba jina hilo, na lazima iandikwe amehifadhiwa wapi. Nalipenda sana sharti hili. Mwenye shaka, hata baada ya miaka 100, aende akafungue sanduku aangalie mwenyewe.

Mwanangu kaniletea kidani chenye mdudu ndani, anasema ni kaharabu. Nitajuaje? (Mama wa Mwanjelwa, Mbeya)

Mama, koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka isiyeyuke tena, utumbukize. Kioo na plastiki nyingi huzama, kaharabu huelea. Sandarusi nayo huelea, kwa hiyo upande wa nyuma weka tone la dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Pakinata, hiyo ni sandarusi.

Lakini kuna udanganyifu ambao chumvi haiugundui. Mwaka 1922 jumba la makumbusho la London lilinunua kipande cha kaharabu ya Baltiki kutoka mkusanyo wa Hermann Loew, bingwa wa nzi wa karne ya 19. Ndani alikuwamo nzi. Mwaka 1966 Mjerumani Willi Hennig, mmoja wa wajuzi wakubwa wa nzi waliopata kuishi, alimchunguza akasema ni Fannia scalaris, nzi wa vyooni tuliye naye leo. Watu wakastaajabu: mamilioni ya miaka bila kubadilika! Mwaka 1993 mtaalamu mwingine, Andrew Ross, akakitazama kipande hicho upya, akaona mahali kilipounganishwa. Mtu alikata kaharabu halisi vipande viwili, akachimba shimo, akamlaza nzi wa chooni, akagandisha. Hennig alikuwa sahihi kuhusu spishi. Jiwe ndilo lililomdanganya.

Nzi hawa wa kaharabu wanaweza kufufuliwa?

Hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester walitafuta vinasaba vya nyuki waliomo ndani ya sandarusi ya Colombia, ambayo haikufika hata miaka 11,000. Hawakupata kitu cha kuaminika. Kwenye kaharabu ya mamilioni ya miaka hakuna cha kutegemea.

Kamwene! Huku Idodi, ukiingia Ruaha, mbung'o hawatupi nafasi. Nao wamo kwenye kaharabu? Na wale nzi wadogo wa Ziwa Nyasa wanaotanda kama moshi?

Kamwene! Hao wa Nyasa, wanaoonekana Kyela kama moshi juu ya maji na ambao baadhi ya watu wa ufukweni huwakusanya wakawala, jamaa zao wamo katika kaharabu ya Myanmar. Utomvu hunasa zaidi wadogo na dhaifu.

Mbung'o ni mkubwa na ana nguvu. Mabaki yake ya kale yamepatikana penginepo, tena pa ajabu: Florissant, Colorado, Marekani, kwenye mwamba uliotokana na tope la ziwa na majivu ya volkano, wenye miaka milioni 34 hivi. Mtaalamu T. D. A. Cockerell ndiye aliyewatambua mwanzoni mwa karne ya 20. Mbung'o aliye hai anatambulika kwa mishipa ya bawa: katikati inazunguka kisehemu chenye umbo la shoka, na nzi mwingine hana. Ukimpiga mmoja kwenye gari njia ya Msembe, usimtupe kwanza. Mlaze kwenye karatasi nyeupe, fungua mabawa yake yaliyolaliana kama mkasi, utafute lile shoka.