Diski ya nje unayoichomeka mara moja moja: bekapu yake unaifanyaje?

Juzi mama mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, alinipigia simu. Harusi ya binti yake niliirekodi mwaka 2018. Binti sasa anaishi Muscat, na bibi yao ametangulia mbele ya haki. Msiba ulipotulia wakaikumbuka ile sehemu bibi alipoinuka ukumbini, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kumtunza bibi harusi noti moja moja huku wenzake wakimpigia vigelegele. DVD yao imekwaruzika, flashi hawajui iliishia wapi. "Mwanangu, najua ni zamani, ila nakuomba uniangalizie." Nikamwambia, mama, nipe mpaka alasiri. Adhuhuri haijaadhiniwa, kipande kilishafika kwenye simu yake, na nikamwekea na vipande ambavyo havikuingia kwenye filamu yenyewe.

Najisifu, ndiyo. Maana diski niliyohifadhia ile harusi ilishakufa. Ilianza kugonga ndani kwa ndani, kompyuta ikawa haiioni, basi. Nilichomtumia mama kimetoka kwenye diski pacha wake.

Tangu niliweke hili kwenye status, vijana wa kamera wa Pangani, Korogwe na hapa hapa mjini wananiuliza nafanyaje. Najua mnachokitaka, kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi: ofisi yako, jina lako kwenye kadi, wateja wanaorudi mpaka kwa harusi za wadogo zao. Sasa sikilizeni.

Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja tu inakula gigabaiti 45 hivi. Weka kamera mbili, weka kesho yake walima, laptopu yako imejaa. Kwa hiyo kila mtu anafanya hivi: anahamishia diski ya nje, anafuta kwenye laptopu, diski inaingia kabatini, na yeye analala akiamini ana bekapu. Hana. Ana nakala ile ile moja, imehama tu makazi.

Hili nililisema zamani nikachekwa. Kabla sijajitegemea nilikuwa nimeajiriwa studio moja, jina lake libaki huko huko. Nikamwambia bosi tununue diski ya pili yenye ukubwa ule ule. Akanijibu mbele ya wateja, "Kwani sisi benki?" Watu wakacheka. Nikanunua kwa hela yangu, nikawa nakopi kazi nilizorekodi mimi, naye anaona. Siku diski ya ofisi ilipogoma kusoma, nani aliambiwa ndiye aliyeiharibu? Nilileta nakala zangu, harusi nilizorekodi zikaokoka, za wengine zikapotea na bi harusi mmoja akaja kulia pale mapokezi. Asante niliyopata ni kutangaziwa mjini kwamba nilikuwa naiba kazi za ofisi. Imepita miaka, na mpaka leo nikipishana na yule mzee Ngamiani salamu yetu inaishia mdomoni. Kijana, usingoje mtu akupe ruhusa ya kulinda jasho lako.

Turudi kwenye diski. Ugumu wa diski isiyochomekwa muda wote ni kwamba programu nyingi za bekapu hazikutengenezwa kwa ajili yake. Time Machine ya Mac kwa kawaida inaziruka diski za nje mpaka uingie kwenye mipangilio uiambie isiziruke. File History ya Windows inaangalia folda za kwako kwenye kompyuta. Diski uliyoichomeka leo na kuichomoa kesho haiihesabu hivi hivi. Na zipo huduma za mtandaoni ambazo diski isipoonekana kwa muda fulani, zinafuta nakala yake zikidhani umeshaitupa. Wewe unalipia kila mwezi, kumbe huko hakuna kitu. Soma masharti yao, hata kama yanachosha.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wale wajanja wanaotumia programu za kuakisi, yaani upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, na kilichofutwa huku kifutwe na kule. Windows inaipa diski herufi kulingana na nafasi iliyopo. Leo diski yako ni E. Kesho umetangulia kuchomeka flashi ya mteja yenye nyimbo za taarabu, flashi ndiyo ikawa E. Programu haina habari. Inaona E ina nyimbo tu, inafuta harusi zote kwenye nakala ili zifanane na flashi. Kwenye Linux nako mambo ni hayo hayo: rsync, programu ya kukopi, ikiwa na amri ya kufuta, ikikuta folda tupu kwa sababu diski haijachomekwa, inakusafishia nakala bila huruma. Rafiki yangu wa Mabawa alipoteza kazi za mwaka mzima kwa mtindo huo, na diski zake zote mbili ni nzima, zinawaka vizuri tu.

Mimi nafanya hivi. Diski zangu zinakwenda mbilimbili na kila moja ina jina lake: HARUSI_A, HARUSI_B. Nimezibandika na plasta yenye jina hilo hilo kwa kalamu ya wino mzito. Natumia FreeFileSync, ya bure, ambayo unaweza kuielekeza kwa jina la diski badala ya herufi. Nachagua Update, sichagui Mirror, ile ya kuakisi, kwa hiyo inaongeza na kusasisha, haifuti. Na sheria ya ofisini ni moja: A haichomekwi kupokea kazi mpya bila B kuwa pembeni. Memori kadi haifutwi mpaka kazi iko A na iko B, nimelinganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda, na nimefungua vipande viwili vitatu nikavitazama vinacheza. Kukopi peke yake hakutoshi, lazima ufungue uone.

Tumia tundu la USB lenye ulimi wa bluu ndani, yaani USB 3. Terabaiti moja kwenye USB 3 na diski ya kawaida inakwenda kama saa tatu. Kwenye tundu la zamani ni saa nane, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Mimi nachomeka baada ya Isha, asubuhi nakuta imemaliza. Na uchomoe kwa utaratibu. Diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa exFAT ukiing'oa ikiwa inaandika, folda zinavurugika kirahisi kuliko iliyofomatiwa kwa NTFS.

A na B zikiwa zimechomekwa pamoja, kirusi kimoja kutoka kwenye flashi ya mteja kinazifunga zote kwa mkupuo. Ndiyo maana kuna diski ya tatu, C, inayokaa kwa dada yangu Muheza, ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya chumvi ya hapa Tanga mnaijua, bati tu linaliwa. Nikienda kumsalimia naondoka na moja, namwachia nyingine. Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwenye vyombo vya aina mbili mimi sijatimiza kikamilifu, nakiri. Filamu zilizokamilika ndizo ninazopandisha mtandaoni. Picha ghafi siwezi: gigabaiti 200 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 ni karibu siku nne bila kukatika, na bando nani analipa?

Wengi mmeniuliza ninunue diski gani. Nunua yoyote ya kampuni inayojulikana, na uipime kabla hujaiamini. Mtaani kuna diski na flashi zinazosoma terabaiti mbili wakati ndani kuna gigabaiti chache. Unazidi kuweka, yenyewe inafuta za nyuma kimya kimya. H2testw, programu ya bure ya Wajerumani, inaijaza diski yote kisha inaisoma tena. Inachukua muda, lakini feki haipiti. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Gharama ya haya yote nimeiingiza kwenye mkataba. Kazi yako naihifadhi miaka mitano. Ukitaka zaidi, unaleta diski yako mpya ndani ya boksi lake, nami naipima mbele yako. Yule mama wa Chumbageni hana mkataba huo, 2018 nilikuwa bado sijauandika. Jana kamtuma kijana na diski mbili.