Mume wangu anaomboleza podikasti, nifanyeje?

*Shangazi anajibu barua zenu*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mke wa mtu, Kisauni, Mombasa. Tuna miaka kumi na mmoja kwenye ndoa na watoto watatu. Mume wangu ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Tangu nimjue, kila Jumatatu na Alhamisi huvaa hedifoni akamsikiliza mchekeshaji mmoja wa Marekani, Marc Maron, akiwahoji watu mashuhuri kwenye podikasti yake, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni. Nilizoea, kama mtu anavyozoea mke mwenza aliye mji wa mbali. Basi Oktoba 2025 kipindi kikafungwa, na mwenzangu tangu hapo ni kama mfiwa. Juzi usiku nimemkuta sebuleni, taa zimezimwa, anasikiliza kipindi cha zamani ambacho mwenyewe aliwahi kuniambia amekisikia mara tatu. Nikacheka. Akanuna siku mbili. Ana akili timamu huyu? Na huyo Mmarekani ana nini ambacho mimi sina? – Mama Watatu

Marahaba, mwanangu. Ungemwandikia shangazi mwingine angekwambia umwite shehe aje amsomee. Bahati mbaya umemwangukia mgonjwa wa maradhi yaleyale.

Mimi nilifundisha Kiingereza sekondari miaka 29. Sasa nimestaafu, napika vitumbua. Saa kumi alfajiri nimeshaamka, mchele niliouloweka jana umeshasagwa, unga umeumuka, na chuma changu cha mashimo saba kiko jikoni. Kazi hiyo mikono inaijua, kichwa hakina la kufanya. Mwaka 2014 mtoto wa kaka yangu alikuja likizo, akaniwekea podikasti hiyo kwenye simu, akasema, "Shangazi, huyu mzee analalamika kama wewe." Tangu hapo kipindi kimoja kwangu ni ndoo moja ya unga. Kikiwa kirefu sana, ujue siku hiyo kuna shughuli mtaani na vitumbua vimeagizwa.

Sasa nikueleze mumeo alikuwa anasikiliza nini, maana naona hajawahi kukueleza, na hilo nitalirudia.

Maron alianza Septemba 2009. Alikuwa na miaka 45, ndoa ya pili imevunjika, na redio aliyokuwa akifanyia kazi New York imemwachisha. Yeye na mtayarishaji wake, Brendan McDonald, walikuwa bado na njia ya kuingilia jengoni, wakawa wanaingia usiku na kurekodi humohumo. Kisha akahamia Los Angeles, akarekodi kwenye gereji ya nyumbani kwake. Usifikirie gereji ya kumwaga oili na kupiga rangi. Ni kibanda cha gari kilichojaa vitabu na magita, na nje paka wa mtaa wanaranda. Jina la kipindi ni herufi tatu, WTF, na ya mwisho ni tusi. Nimefundisha watoto wa watu, sitalifasiri hapa.

Wageni wa mwanzo hawakuwa wakubwa. Walikuwa wachekeshaji wenzake, wengi wao aliowahi kuwaonea wivu, kuwakasirikia, kuwakosea. Aliwakalisha kwenye kiti na baada ya saa nzima akawauliza, kwa Kiingereza chake, "Tuko sawa?" Wewe ni mtu wa pwani, unajua uzito wa kutakana radhi. Fikiria mtu anafanya hivyo mbele ya maikrofoni, mara mbili kwa wiki, na wakati mwingine anayedaiwa radhi ni yeye.

Baadaye wakaja wakubwa. Juni 19, 2015 Rais Barack Obama alikwenda kwenye gereji hiyohiyo. Wadunguzi wa ulinzi wake walikaa juu ya paa la jirani. Obama alianza kwa kukumbuka kwamba alisoma chuo karibu na hapo, Occidental, alipokuwa kijana. Siku mbili kabla, Wamarekani weusi tisa walikuwa wameuawa na mzungu mbaguzi kanisani Charleston, mji wa kusini mwa Marekani, na mazungumzo yakafika huko, kwenye ubaguzi, kwa maneno ambayo rais hayasemi akiwa nyuma ya bendera. Mwezi mmoja baadaye alikuja Nairobi. Mnakumbuka, nyasi zilioteshwa kando ya barabara haraka haraka na watu wakazicheka mtandaoni wiki nzima. Mimi nilikuwa nawacheka wenye nyasi na kuwaza: mgeni huyuhuyu juzi kakaa kwenye kibanda cha gari, hakuna aliyemwoteshea hata mchicha.

Na kipindi cha mwisho kabisa, Oktoba 13, 2025, mgeni alikuwa Obama tena. Safari hii Maron ndiye aliyemfuata, ofisini kwake Washington. Miaka 16, vipindi zaidi ya 1,600. Hakufukuzwa wala hakukosa wasikilizaji. Alisema yeye na McDonald wamechoka na wameridhika, wakafunga.

Kwa hiyo mumeo ana akili timamu. Sauti iliyoingia masikioni mwake mara mbili kwa wiki muda wote wa ndoa yenu imenyamaza. Mwacheni akae arobaini yake.

Lakini umeniuliza huyo Mmarekani ana nini, na hapo sitamtetea mumeo. Ana maswali. Mtu akimtajia baba, anauliza baba alikuwa mtu wa namna gani. Mtu akisema aliacha pombe, anauliza siku ya kwanza ilikuwaje, maana yeye mwenyewe aliacha mwaka 1999. Mumeo amekaa darasani hapo miaka kumi na zaidi, na barua yako nzima haina mahali uliposema amekuuliza jambo. Mpelekee barua hii. Mwambie shangazi wa Tanga anamdai saa moja, simu ipo kabatini, na swali la kwanza aulize yeye.

Nawe usimcheke tena. Mwombe sikio moja la hedifoni.

Shangazi, mimi ni kijana wa Mwanza, nasikiliza podikasti hizi ili kunyoosha Kiingereza. Ila huyu Maron kabla mgeni hajaingia anaongea peke yake dakika kumi, kumi na tano: paka, tumbo, mama yake, matangazo ya biashara. Nikiruka nitakosa kitu?

Matangazo ruka, hakuna atakayekushtaki. Yale mengine, kwa sababu ya Kiingereza chako, usiruke. Mgeni anakuja amejiandaa, ana filamu ya kuuza, anaongea sentensi zilizopigwa pasi. Maron akiwa peke yake anaanza sentensi, anaikatiza, anarudi, anajisahihisha, anatukana kidogo. Hicho ndicho Kiingereza utakachokutana nacho mtaani kwao, si kile nilichokuwa nikiandika ubaoni.

Ipo na sababu nyingine, na hapa niruhusu nitoke nje ya swali. Mei 2020 mwenzi wake, mwongozaji wa filamu Lynn Shelton, alifariki ghafla. Mwanzoni walidhani ni maradhi ya koo tu, kumbe ilikuwa saratani ya damu. Alikuwa na miaka 54. Siku mbili baadaye ilikuwa Jumatatu, siku ya kipindi, na kipindi kikatoka. Maron aliongea akilia, bila kujipanga, kisha akaweka mazungumzo ya mwaka 2015, ya mara ya kwanza Lynn alipokuja kwenye gereji. Unawasikia watu wawili ambao hawajui bado kwamba watapendana. Mwanamke anacheka. Mwanaume anajitia ujuaji. Na wewe uliyetoka kusikia kilio unajua mwisho wao wote wawili.

Nilikuwa na vitumbua saba kwenye chuma. Viliungua vyote, weusi upande mmoja na ubichi upande wa pili, na moshi ukamtoa jirani nje akidhani nyumba inawaka. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza nani. Nikakosa jibu.

Ungeruka dakika za mwanzo miaka yote, siku hiyo usingemjua anayelia ni nani.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku Muscat. Nimesikia sifa za podikasti hiyo lakini vipindi 1,600 vinanitisha. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu, na pole kwa zamu. Usianzie namba moja. Hata nyumba nzuri huingii kwa kupitia msingi.

Anzia kwa Robin Williams, yule mchekeshaji na mwigizaji wa filamu, Aprili 2010. Maron alimfuata nyumbani kwake, upande wa San Francisco. Williams tuliyemzoea ni yule wa kupiga kelele na kubadilisha sauti kumi kwa dakika. Humu anaongea taratibu: upasuaji wa moyo, pombe aliyoirudia baada ya miaka ya kuiacha, talaka, hata mawazo ya kujiua, ambayo anayageuza kichekesho huku ukimsikia anapumua. Alipofariki Agosti 2014, Maron alikirudisha kipindi hicho hewani. Mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani ilikiingiza kwenye orodha ya sauti za taifa zinazohifadhiwa. Kwa kuwa wewe ni muuguzi najua utakisikiliza kwa sikio ambalo sisi wengine hatuna. Ila usikifungue usiku ambao wodi imeondokewa na mtu.

Halafu Obama wa 2015, ambaye nimeshamweleza hapo juu.

Halafu Lorne Michaels, wa mwaka huohuo. Huyu ndiye aliyeanzisha Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani. Katikati ya miaka ya tisini Maron aliitwa ofisini kwake, akatumaini kupata kazi, hakupata, na jambo hilo likamkaa rohoni miaka 20. Alilisimulia kwa karibu kila mgeni aliyewahi kufanya kazi huko, tukalichoka. Hatimaye akamkalia mzee mwenyewe na kumwuliza. Nakwambia nilizima jiko nisikose neno. Na kumbe kwa mzee lile lilikuwa jambo dogo tu. Mwenye kisu husahau, nyama ndiyo inakumbuka.

Watakutajia pia mazungumzo ya Maron na mchekeshaji mwenzake Louis C.K. ya 2010, sehemu mbili, urafiki uliovunjika ukiungwa mbele yako. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini mwaka 2017 Louis C.K. alikiri kwamba madai ya wanawake waliomlalamikia kwa mambo machafu aliyowafanyia yalikuwa ya kweli, na mimi tangu hapo nikisikia wanaume wale wawili wakiulizana nani alimwacha nani nashindwa kuhurumia. Wewe amua mwenyewe.

Bi Shangazi, huo si umbea tu wa kizungu? Watu wazima kukaa kusikiliza nani kaachwa na nani. – Mzee wa Moshi

Shikamoo mzee. Umbea ni kumsema asiyekuwepo. Huyu anamsema aliyekaa mbele yake, na zaidi anajisema mwenyewe. Lakini sitabisha sana, maana vipo vipindi ambavyo mgeni hana la kusema na Maron anamzungushia habari za magita mpaka saa inaisha. Hivyo hata mimi huzima nikaweka taarab.

Shangazi, bando langu la wiki halifiki Jumatano. Nitasikilizaje kipindi cha saa nzima? – Mwanafunzi, Morogoro

Kwanza, acha kuzitazama kwa video. Podikasti ni ya kusikia. Sauti peke yake ya saa moja, kwa ubora wa kawaida, ni kama MB 58, na ile iliyobanwa zaidi ni nusu ya hapo. Video ya saa hiyohiyo hula mara kadhaa ya hiyo. Pili, usisikilize moja kwa moja kutoka mtandaoni. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha zima data kabisa. Programu nyingi za podikasti zina sehemu ya mipangilio ya kuruhusu kupakua kwa Wi-Fi tu, iwashe. Na ukimaliza kusikiliza, futa, simu isije ikajaa ukakosa nafasi ya kupokea noti za masomo ukanisingizia mimi kwa mzazi wako.

Shangazi, kila toleo unataja vitumbua. Vinauzwa wapi?

Barazani kwangu, Ngamiani, Tanga, kuanzia saa kumi na mbili na robo asubuhi. Saa mbili vimekwisha. Ukinisalimia nisikuitikie, gonga sahani.