Barua kwa mwanangu: majina ya mahali kwa Kiingereza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hapa Moshi sote hatujambo. Umeniandikia kwamba umekariri orodha ndefu ya majina ya mahali na majengo kwa Kiingereza, lakini hapo mapokezi Arusha wageni bado wanakukodolea macho ukiwaelekeza, au wanaishia kwingine kabisa. Umeuliza ukariri mangapi zaidi. Mimi nasema usiongeze hata moja kwanza. Panga upya hayo uliyo nayo.

Orodha yako imekaa neno kwa neno: kituo upande huu, "station" upande ule. Maneno yetu ya mahali ni mapana mno kwa mtindo huo. Kituo cha polisi ni "police station", sawa, lakini kituo cha afya ni "health centre", kituo cha daladala ni "bus stop", na kituo cha watoto yatima ni "children's home". Stendi kuu ndiyo "bus station". Mnara ni hivyo hivyo: Mnara wa Saa ni "clock tower", mnara wa Mwenge ni "monument", wa msikiti ni "minaret", na wa simu Mwingereza huuita "mast". Shamba kubwa la kahawa lenye mwenyewe na vibarua ni "estate" au "plantation". Kihamba cha babu yako ni "small farm". Kwa hiyo kabla hujataja jina, jiulize mtu anakwenda kufanya nini mahali hapo: kulala, kula, kutibiwa, kupanda gari, kutazama tu? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua neno la Kiingereza. Andika orodha yako upya kwa kufuata kazi za mahali, wala si kwa alfabeti.

Yanayoleta madhara zaidi ni maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza tukayapa kazi nyingine, kwa sababu unayatamka ukiamini ni Kiingereza. Hoteli kwetu ni pa kula wali na maharage. "Hotel" ni pa kulala, na pa kula ni "restaurant", au "café" pakiwa padogo. Grosari ni pa bia. Mmarekani akiulizia "grocery store" anataka mkate, maziwa na matunda, mpeleke supamaketi. Sheli ya mafuta ni "petrol station", na kwa Mmarekani ni "gas station". Ukimwambia "shell" atafikiria gamba la konokono wa baharini. Stoo ni "storeroom", kwani "store" kwa Mmarekani ni duka. Kiplefti ni "roundabout". Saluni ni "salon", yenye o moja. Vibao vingi mjini vimeandikwa "saloon", ambayo kwa Mmarekani ni baa ya zamani. Kuwa mwangalifu zaidi na "dispensary". Kwetu ni zahanati, lakini Mmarekani wa leo akilisikia huwaza duka la bangi katika majimbo yaliyoiruhusu. Mgonjwa mwambie "clinic", na hali ikiwa mbaya mwambie "hospital".

"Lodge" nayo ina mtego. Mjini kwetu gesti ya bei nafuu huweza kuitwa lodge, ilhali mgeni wa safari akisikia neno hilo anatarajia hoteli ya porini, karibu na wanyama, na bei yake. Ya mjini iite "guest house". Kwa wanaopanda Kilimanjaro, usichanganye "hut" na "camp": njia ya Marangu watu hulala ndani ya majengo, Mandara, Horombo na Kibo, na hizo ni "huts". Njia ya Machame ni mahema, hiyo ni "camp". Anayeogopa baridi atachagua kwa neno lako.

Umetaja ghorofa. Kiswahili chetu kimeshika hesabu ya Waingereza: chini ni "ground floor", ukipanda ngazi mara moja uko "first floor". Mmarekani huanza kuhesabu moja pale chini, kwa hiyo "first floor" yake ni mlango wa kuingilia. Usishindane naye. Sema "go up one floor", na wote wawili watafika. Vyoo ni kadhalika: Mmarekani akiuliza "bathroom" au "restroom" hatafuti pa kuoga wala pa kupumzika, anatafuta choo. Mwonyeshe tu.

Sasa kiambishi -ni, ambacho naona ndicho kinakuangusha kuliko msamiati. Tunasema sokoni, hospitalini, ofisini, na -ni moja inabeba kila kitu. Kiingereza kinadai uchague. Bahati nzuri uchaguzi huo tayari unao kichwani kwa pale, kule na mle. Jaribu sentensi kwa Kiswahili kwanza. Ikikubali mle, tumia "in". Ikikubali pale, tumia "at". Ikiwa ni mwendo wa kwenda kule, tumia "to". "Wait at the bank" ni pale benki, hata nje kwa mlinzi. "Wait in the bank" ni mle ndani kabisa. Kwa ghorofa ni "on", kwa hiyo "on the second floor". Nyumbani hakuhitaji kitu baada ya "go": "go home", wala usiseme "go to home". Na Mwingereza akisema ndugu yake yuko "in hospital" bila "the", ujue amelazwa. "At the hospital" anaweza kuwa amekwenda kutazama mgonjwa.

Mbele ya nayo inatupoteza. "In front of the bank" ni mbele ya mlango wake, upande ule ule wa barabara. Ng'ambo, mkabala nayo, ni "opposite". Ukikosea hapo mgeni anasimama upande usio wake huku gari likimsubiri. Mfano mzuri wa kufanyia mazoezi ni huu: "From the Clock Tower, walk up Boma Road. The Natural History Museum is at the top of the road." Taja jina kamili, maana Arusha kuna pia makumbusho ya Azimio, na "the museum" peke yake haimtoshi mtu.

Kuhusu matamshi nakupa machache tu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana "hotel" yako inasikika kama "hostel". Katika "hotel" kaza mwisho, katika "hostel" kaza mwanzo. Tofauti hiyo ni kati ya chumba chako peke yako na kitanda cha juu kwenye chumba cha watu wanane. Katika "building" usiitamke u. "Mosque" iishie kwenye k, bila kuongeza irabu.

Ukikutana na neno lisiloingia popote, niandikie sentensi nzima aliyoisema mgeni na unieleze alikuwa anataka nini.

Mama yako