Mleta mada, usilipie hayo matairi kabla hujasoma tarakimu nne

Mkuu, kianzio ulichoacha kwa huyo muuzaji kiishie hapo hapo kwanza.

Umeandika una Toyota Vanguard ya 2010, matairi yote manne yameshakuwa vipara, na Desemba unapeleka familia Iringa. Umeuliza uchukue H/T (ya lami) au A/T (ya lami na vumbi), ubadilishe mawili au manne, yapi hayana kelele, yapi hayali mafuta. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo la kupita, unasema umepata manne ya mtumba kutoka Japani, "kashata asilimia tisini", yaani meno ya tairi bado karibu yote, nusu ya bei ya mapya. Mimi nimeishia hapo hapo. Umetaja kampuni, umetaja kashata, umetaja bei. Mwaka hujautaja.

Nilinunua hivyo hivyo. RAV4, saizi yako ile ile 225/65R17, na asilimia tisini zile zile. Muuzaji alilipiga tairi kofi, akazamisha ukucha wa dole gumba kwenye mfereji wa kashata, akaniambia, "Bosi, tairi la Mjapani halizeeki." Yalikuwa yanang'aa kama viatu vya mwanajeshi, na ile dawa ya kung'arishia unainusa tangu mlangoni. Nikaona jina kubwa la kampuni ubavuni, nikalipa.

Safari yenyewe ilikuwa 2021, njia hiyo hiyo ya Iringa. Gari limejaa: mke wangu, watoto, mama mzazi, mizigo hadi kwenye kioo cha nyuma. Tulipoiacha Mikumi, jua la saa saba likiwa kichwani, gari likaanza kutetemeka. Usukani ulikuwa umetulia. Mtetemo ulikuwa unakuja kwenye kiti. Mama akasema, "Mwanangu, hili gari lina nini?" Nikamjibu ni balansi, tukifika Iringa nitalipeleka kwa fundi. Naomba hapa usome polepole: usukani ukitetemeka, mara nyingi shida iko mbele, kikitetemeka kiti, angalia nyuma. Na mtetemo unaozidi kukua kwenye lami nzuri hausubiri Iringa. Unasimama, unashuka, unapitisha kiganja juu ya kila tairi ukitafuta nundu. Mimi sikusimama.

Kilichofuata ni kishindo kama mtu anapiga mabati kwa rungu chini ya gari. Kashata zote za tairi la nyuma kulia zilibanduka mkanda mzima, na ule mkanda ukawa unachapa ndani ya fenda kwa kila mzunguko. Gari likavutwa nyuma, nikashikilia usukani bila kukanyaga breki, nikaliachia lipungue lenyewe hadi pembeni. Fenda lilijikunja kwa ndani, madigadi yakachanika, waya wa sensa ya ABS ukakatika. Tairi lenyewe lilikuwa bado na upepo! Limebaki nyuzi tupu, limevimba upande mmoja. Tulikuwa kwenye sehemu iliyonyooka, na lori lililokuwa linakuja lilikuwa bado mbali. Ingekuwa kwenye kona za mlima Kitonga sijui ningekuwa nimeandika nini leo, na nani angekuwa anasoma.

Tukafunga spea tukajikongoja hadi Ruaha Mbuyuni. Kijana wa pancha akaligeuza lile tairi, akafuta ubavu wa ndani kwa kitambaa cha sabuni, akaniita. 3508. Akaniambia, "Bosi, hili limemzidi umri huyu mtoto wako." Wiki ya 35 ya mwaka 2008. Akayapitia na yale mengine matatu, hakuna lililokuwa limetengenezwa baada ya 2009, na mawili yameandikwa STUDLESS.

Yule muuzaji alijua. Hii ndiyo inayoniuma hadi leo kuliko hela. Tarakimu kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na yeye aliyafunga yote manne huo upande ukiwa umetazama ndani, kwenye shokapu, mahali ambapo mteja hawezi kuona bila kuingia chini ya gari. Matairi manne, yote kwa bahati mbaya? Nilipompigia simu akasema nilijaza upepo vibaya. Mtu amempakilia bibi na wajukuu juu ya mpira wa miaka kumi na tatu, anazungumzia upepo.

Sasa nikueleze kwa nini hizo asilimia tisini zinapaswa kukutisha. Huko Hokkaido na kaskazini mwa Japani kwa ujumla, watu wana seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya theluji. Ile ya theluji inafungwa miezi michache ya baridi, kisha inarudi stoo. Mwaka unapita, kashata zimelika kidogo tu. Kwa hiyo tairi linaweza kukaa miaka kumi likiwa bado na kashata nene, huku mpira wenyewe umeshakauka na gundi inayoshika mikanda ya chuma imechoka. Kumbe kashata nene kwenye mtumba zinaweza kuwa ndiyo dalili ya uzee! Isitoshe, mpira wa tairi la theluji umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Ukiuleta kwenye lami ya Morogoro saa saba mchana unakuwa kama ubani: unalika haraka, unapata moto, na breki inakuwa ndefu. Utalitambua kwa neno STUDLESS na kwa vijimkato vyembamba vilivyojaa kwenye kila kashata, kama vimepitishwa wembe. M+S peke yake isikutishe, inaandikwa hata kwenye H/T za kawaida.

Na joto si jambo la kuchezea hata kwenye tairi ambalo si la zamani. Agosti 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliyaita matairi yake kwa mamilioni yarudishwe, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, gari la familia kama lako. Kashata zilikuwa zinabanduka kwenye mwendo, na kesi nyingi zilitoka kwenye majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Joto, mzigo, mwendo mrefu, upepo mdogo. Hiyo ndiyo safari yako ya Desemba.

Kwa hiyo: tafuta neno DOT ubavuni, fuata herufi hadi mwisho. Tarakimu nne za mwisho ndizo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ukiona DOT na herufi lakini tarakimu hazipo, uko upande usio kamili, ligeuze. Limeshafungwa kwenye ringi na gari liko chini? Tairi lifunguliwe. Namba imekwanguliwa? Ondoka, usibishane. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema miaka sita inatosha, na kampuni kama Michelin na Continental zinasema kumi ndiyo mwisho hata kama kashata bado zipo. Kwa jua letu na mizigo yetu mimi sivuki sita, na dukani sinunui jipya lililozidi miaka miwili. Ndiyo, hata mapya yaangalie, kuna maduka yanayaanika juani nje miaka nenda rudi.

Wanaokuambia humu kwamba mtumba wa Mjapani ni bora kuliko jipya la Mchina, waombe wakupe mwaka wa huo mtumba kwanza. Jipya la kampuni ndogo, la mwaka wa karibuni, lenye 102 baada ya saizi (yaani kila tairi linabeba kilo 850), nalichukua asubuhi na mapema mbele ya jina kubwa la 2012.

H/T inakutosha kama kijijini kwenu vumbi si refu. Kama Vanguard yako ni 4WD, weka manne yanayofanana, usichanganye. Upepo fuata kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upime asubuhi tairi likiwa la baridi. Ile namba kubwa ya upepo iliyoandikwa kwenye tairi ni ukomo wake, usijazie hapo.

Lakini hayo yote baadaye. Kesho nenda na tochi na kitambaa, piga picha tarakimu za tairi moja moja, yote manne, na spea pia maana hiyo huwa inasahaulika tangu gari linashuka bandarini. Ziweke hapa kabla hujaongeza hata shilingi, nitakusomea mwenyewe.