Jozi kubwa mkononi: mambo ya kujua kabla hujasukuma chipu zako

Mara ya kwanza kupewa wafalme wawili katika mashindano ya poka nilikuwa Nairobi, kwenye meza ya watu tisa, na moyo ulinidunda hadi nikadhani jirani yangu anausikia. Sizungumzii ile kadi ya vibarazani, ya kulishana 2 na 3 na kurukana kwa J, ambayo Wakenya wengi nayo huiita poka. Nazungumzia Texas Hold'em isiyo na kikomo: karata mbili za siri mkononi, tano za wazi mezani, na kila mtu anaruhusiwa kuweka chipu zake zote wakati wowote.

Nikaamua kuwatega wenzangu. Badala ya kupandisha dau nikafuata tu, kimyakimya, blaindi, yaani madau ya lazima, dogo na kubwa, ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa. Wanne wakaingia kwa bei rahisi. Flopu, yaani zile karata tatu za kwanza za wazi, ikashuka 9, 7 na 6. Nikaweka dau, bwana mmoja akapandisha, nikasukuma zote. Alikuwa na 8 na 5, yaani mfululizo wa 5 hadi 9, unaoshinda jozi yoyote. Alikuwa kwenye blaindi kubwa, kwa hiyo flopu ile aliiona bila kuongeza hata chipu moja. Nilipokuwa natembea kuelekea stendi nilijua kwamba bahati haikuwa na neno. Yule bwana nilimpandisha gari mwenyewe, tena bila nauli.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, tuanze na nauli. Ree mbili, yaani A mbili, dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda kama mara 85 kati ya 100. Wapinzani wakiwa wawili, ushindi unashuka hadi 73. Watatu, 64. Ukiwaruhusu wote wanane wa meza kamili waingie na wabaki hadi mwisho, unabaki na 35 hivi. Karata ni zile zile, bora kuliko zote, ila sasa unapoteza karibu mara mbili kwa kila tatu. Kazi ya dau lako la kwanza ni kuipunguza meza hadi abaki mtu mmoja, au wawili wakizidi, na hao waliobaki walipe.

Najua kwa nini tunashawishika kujificha. Ree mbili huja mara 1 kwa kila migao 221. Meza ya kasino hugawa kama mara 30 kwa saa, kwa hiyo unaweza kukaa saa saba bila kuziona, na zikija unaogopa kwamba ukipandisha wote watatupa karata utoke na blaindi tupu. Acha watupe. Blaindi na anti (mchango mwingine wa lazima kabla ya karata) ni chipu halali, na hukuhatarisha chochote kuzipata. Tena kwenye meza za kiingilio kidogo watu hawatupi kirahisi hivyo. Wamekuja kucheza, wanataka kuiona flopu.

Kiasi gani? Mtandaoni, mara mbili na nusu ya blaindi kubwa inatosha. Kwenye meza ya ana kwa ana, ambako watu hufuata hovyo, mimi hupandisha mara tatu hadi nne, na kwa kila aliyekwisha kuingia kwa kufuata tu naongeza blaindi kubwa moja. Mtu akishapandisha kabla yako, mpandishie mara tatu ya dau lake ikiwa wewe ndiye utakayecheza wa mwisho baada ya flopu, mara nne ikiwa utatangulia. La muhimu ni kwamba kiasi kile kile ukitumie hata ukiwa na ree na mfalme, au ree na 5 za shupaza. Anayepandisha sana kwa jozi kubwa na kidogo kwa karata nyingine, meza itakuwa imemsoma ndani ya saa moja.

Sasa jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa. Jozi yako haina nguvu moja isiyobadilika. Nguvu yake inategemea chipu zilizobaki nyuma yako na nyuma ya mpinzani. Zoea kulihesabu rundo lako kwa blaindi kubwa kabla hata hujafunua karata.

Tuseme blaindi ni 500 na 1,000, na aliye kwenye blaindi kubwa analipa pia anti ya 1,000. Una 25,000 na wafalme wawili. Mtu anapandisha hadi 2,500, wewe unafika 7,500, anafuata, na wengine wote wametupa, pamoja na wale wa blaindi. Hesabu kitita: 7,500 zako, 7,500 zake, blaindi 1,500, anti 1,000. Jumla 17,500. Na wewe umebakiwa na 17,500 hizo hizo. Hapo uamuzi ulishafanyika kabla ya flopu. Dau moja tu limebaki, na ni lazima liingie. Ree ikianguka mezani ndipo una sababu ya kuvuta pumzi kwanza. Mchezaji anayefika hapo kisha akaanza kujiuliza kama mwenzake ana mbili za 7 zilizopata ya tatu anajitesa bure.

Sasa weka 200,000 mbele ya kila mmoja wenu, blaindi zile zile, madau yale yale. Kitita bado ni 17,500, lakini nyuma yako kuna 192,500, mara 11 yake. Mpinzani makini hawezi kuingiza chipu zote hizo akiwa na kitu dhaifu kuliko jozi yako. Zikiingia zote, ujue umekutana na tatu za aina moja, au mfululizo, au jozi mbili. Hii ndiyo hali ya saa za mwanzo za mashindano mengi, na ndipo wageni wengi hutoka, wakiwa wameshikilia ree mbili kana kwamba ni hati ya shamba. Weka dau kwenye flopu, weka tena kwenye karata ya nne ikiwa meza imetulia, na mtu mpole aliyekuwa akifuata tu akigeuka ghafla kupandisha kwenye karata ya nne au ya tano, mwamini. Katika miaka yangu ya kucheza madau madogo, mtu wa namna hiyo amewahi kunidanganya mara chache sana.

Na meza yenyewe uisome. Mfalme, 7 na 2 za alama tatu tofauti (kati ya kopa, shupaza, uru na pau) ni flopu iliyokauka, isiyompa mwenzako njia ya kuunga mfululizo. Tulia, weka theluthi ya kitita, umwachie mwenzako nafasi ya kukosea. Jeki, 10 na 9, mbili zikiwa za kopa, ni flopu inayotokota. Hapo weka dau kubwa ikiwa mko wawili, na ikiwa mko wanne usione aibu kupunguza mwendo.

Ukiwa na wafalme, ree huanguka kwenye flopu kama mara 22 au 23 kati ya 100. Ukiwa na malkia wawili, angalau karata moja iliyo juu yao huanguka mara 41. Ukiwa na jeki wawili, 57, zaidi ya nusu. Ndiyo maana watu huwalalamikia jeki kana kwamba wamerogwa, kumbe ni hesabu ya kawaida. Fainali ya Main Event, yaani mashindano makuu ya World Series of Poker, mwaka 2006 iliishia hivyo hivyo: Paul Wasicka alikuwa na 10 mbili, flopu ikaleta malkia, na Jamie Gold alikuwa na malkia na 9. Gold akaondoka na dola milioni 12. Karata ya juu ikianguka, usitupe papo hapo na usikaze shingo pia. Dau moja dogo, au pitisha mara moja bila kuweka dau, kisha sikiliza jibu.

Wafalme kukutana na ree je? Wageni huniuliza sana. Kwenye meza ya tisa hutokea kama mara 1 kwa kila mara 25 unapowashika, na usipoteze usingizi kwa hilo. Mwaka 2018, kwenye Main Event hiyo hiyo pale Las Vegas, wakiwa wamebaki 10, Antoine Labat na Rich Zhu walikuwa na wafalme wawili kila mmoja, na Nicolas Manion akawa na ree mbili. Chipu zote zikaingia. Wafalme wote wanne walikuwa tayari mikononi mwa watu, kwa hiyo hapakuwa na hata mmoja wa kuwaokoa. Sioni kosa la kuwalaumu nalo. Ukiwa na blaindi kubwa 40 au pungufu na wafalme mkononi, weka zote, na ukikuta ree, mpe mwenzako mkono uondoke.

Kuna hata kisa kigumu zaidi. Mwaka 2014, katika mashindano ya kiingilio cha dola milioni 1, Connor Drinan na Cary Katz waliweka zote, kila mmoja akiwa na ree mbili. Kwa kawaida wangegawana kitita. Zikashuka kopa nne mezani, na ree ya kopa ilikuwa kwa Katz, hivyo akapata kopa tano, mkono unaoshinda jozi. Drinan akatoka.

Nakueleza haya ili uione hesabu ambayo mashindano yanayo na meza ya fedha taslimu, ambako ukiishiwa unanunua chipu nyingine, haina. Tuseme ukiweka zote una nafasi 80 kwa 100, ambayo ni karibu na ree dhidi ya jozi ndogo. Ni hali nzuri mno. Lakini ukiweka zote mara tano usiku mmoja, nafasi ya kuzishinda zote tano ni kama 33 kwa 100. Kwa hiyo kuwa na rundo kubwa kuliko mpinzani ni thamani yenyewe: ukishindwa, bado umekaa kitini. Chipu zinazokusanywa bila mtu kufunua karata ndizo zinazokuletea hali hiyo.

Na ipo siku ya kutupa ree mbili. Ipo katika mashindano ya kufuzu, yale ambayo zawadi ni tiketi ya kuingia mashindano makubwa; ndiyo njia aliyopitia Chris Moneymaker, kwa dola 86 mtandaoni, hadi akashinda Main Event na dola milioni 2.5 mwaka 2003. Tiketi zote ni sawa. Wa kwanza hapati zaidi ya wa mwisho anayefuzu.

Mimi ilinikuta mtandaoni, saa nane za usiku. Tiketi zilikuwa 10, tulibaki 11, nami nilikuwa wa pili kwa chipu. Mmoja wetu alikuwa na blaindi kubwa mbili tu. Aliyeongoza akasukuma zote, nikafunua: ree ya uru, ree ya pau. Nikifuata, nina takriban 85 kwa 100 za kupata kitu ambacho tayari nilikuwa nacho. Nilitazama saa ya programu ikihesabu sekunde, nikabonyeza kutupa. Migao miwili baadaye yule mwenye blaindi mbili akatoka, na dirisha dogo likafunguka kwenye skrini likiwa na namba ya tiketi yangu.