Estrojeni inayorudi ikiwa njiani kutoka

Wiki hii mmeuliza: “Je, bakteria wa tumboni wanaweza kupandisha au kushusha homoni mwilini?” Wanaweza, na mfano ninaoupenda ni wa estrojeni, homoni kuu ya kike, kwa kuwa hapo bakteria hawatengenezi homoni. Wanairudisha iliyokwisha kutupwa.

Nafundisha baiolojia, na hili huwa nalichora ubaoni polepole. Estrojeni ikipita kwenye ini hubandikwa kipande cha asidi ya glukuroniki, ndugu wa sukari. Ikishabandikwa hivyo haina nguvu tena. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, nyingine hushuka na nyongo hadi utumboni, ambako ingeishia chooni. Lakini humo wapo bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidesi, kinachobandua kile kipande. Homoni ikawa huru, ikapenya ukuta wa utumbo, ikarudi kwenye damu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza bakteria wanafaidika nini. Swali zuri mno! Wanakula kile kipande. Estrojeni yenyewe wala hawana haja nayo. Mlo wao tu ndio unaogusa kiasi cha homoni zetu. Mwaka 2011 watafiti walilipa jina kundi hili la bakteria na jeni zao: estrobolomu.

Serotonini nayo, kemikali ya mwili inayohusishwa na hisia za furaha, takriban asilimia 90 hutengenezwa utumboni, na bakteria huzichochea seli zinazoitoa. Ila hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo tusikimbilie kusema furaha inatoka tumboni.

Kwa testosteroni, homoni iliyo nyingi zaidi kwa madume, lipo jaribio la mwaka 2013 lililofanywa Toronto. Panya jike wachanga, wa ukoo unaopata kisukari cha aina ya kwanza kwa urahisi, walipandikizwa bakteria wa utumboni kutoka kwa madume waliokomaa. Testosteroni yao ikapanda, na wakapata kinga dhidi ya kisukari hicho. Watafiti walipoizuia testosteroni isifanye kazi, kinga ikapungua.

Hao ni panya, lakini. Inaniuma kuona mtu ambaye hedhi yake imevurugika ananunua vidonge vya bakteria vinavyotangazwa kuwa “vinasawazisha homoni”, na miezi inapita hajapimwa damu, wakati huenda tatizo liko kwenye tezi ya shingo, lenye dawa yake inayojulikana.